Je, wajua kwa nini pikipiki ya zamani humgomea mwenye misuli na kuwaka kwa kiki moja ya mtu mwembamba?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kupiga kiki ni kazi ya nguvu. Kijiweni kwetu, Honda CG125 ya mtu ikigoma asubuhi, tulimpisha kijana mwenye paja nene, na kwa kweli mara nyingi aliiwasha. Basi nilipokutana na Yamaha SR500 kwenye gereji moja Arusha, nilidhani hesabu ni ileile, ila mguu uongezwe. Nikaikanyaga kiki kwa uzito wangu wote. Ikashuka kama shibiri moja, ikakwama, nikabaki nimesimama juu yake kana kwamba nimekanyaga kisiki.

"Mwanangu, shuka kwanza," fundi akaniambia. Alikuwa mzee mwembamba, hana hata kilo sitini. Alibana kiwenzo kidogo kilichopo chini ya mkono wa klachi, akaisukuma kiki taratibu kwa unyayo, huku akichungulia kidirisha cha kioo kilichoko upande wa kulia wa kichwa cha injini. Alama nyeupe ikajitokeza kwenye kioo. Akaachia kiwenzo, akairudisha kiki juu kabisa, kisha akaikanyaga mara moja mpaka chini bila kuvuta mafuta. Ikawaka.

Sikuwa peke yangu katika kosa hilo, na chanzo chake ni pikipiki ndogo tulizozizoea. Pistoni ya CG125 ina upana wa milimita 56.5. Ya SR500 ina milimita 87. Tofauti hiyo inaonekana ya kawaida hadi upige hesabu ya eneo: sentimita za mraba 25 kwa moja, 59 kwa nyingine. Injini zote mbili hubana hewa hadi ichukue takribani sehemu ya tisa ya nafasi yake ya mwanzo. Hewa iliyobanwa hivyo, kama haijavuja popote, inaweza kuisukuma pistoni ya SR500 kwa nguvu inayokaribia uzito wa nusu tani. Kwenye 125, paja nene linaweza kushindana na kompresheni, yaani huo mbano wa hewa, na kushinda, ndiyo maana kijana wetu alisifiwa kwa haki. Kwenye 500, hata akija mbeba mizigo wa bandarini, ataganda palepale nilipoganda mimi. Akisimama juu ya kiki kwa subira ataihisi ikizama kidogo kidogo, lakini si kwamba ameshinda. Hewa inavuja tu pembeni mwa ringi za pistoni.

Sasa fikiria mkokoteni wenye magunia ya mahindi, na mbele yake kuna tuta la barabarani. Ukiuanzishia chini kabisa ya tuta, gurudumu likiwa limeshaligusa, watu wanne watasukuma hadi mishipa ya shingo iwatoke na mkokoteni hautapanda. Urudishe nyuma hatua kumi, uanze kukimbia nao polepole ukiongeza mwendo, na watu wawili wataupitisha. Tuta halijapungua. Kilichobadilika ni kwamba mkokoteni umefika ukiwa tayari na mwendo.

Ndani ya injini, tuta ni ule wakati pistoni inapopanda huku valvu zote zimefungwa. Injini ya hatua nne huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, huuchoma, kisha hutoa moshi. Kazi hiyo yote huchukua mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na katika mizunguko hiyo miwili tuta ni moja tu. Maana yake, ukiliacha tuta nyuma yako kidogo tu, una kama mzunguko mmoja na nusu wa barabara tambarare kabla hujakutana nalo tena. Ndicho alichokuwa akikitafuta mzee kwenye kile kidirisha: alama hiyo imo kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, na ikijitokeza ujue pistoni imeshavuka kilele. Kile kiwenzo nacho hufungua kidogo valvu ya ekzosi, hewa ikatoka, pistoni ikapita kileleni bila ugomvi.

Kutoka hapo mguu unakuta njia nyeupe. Pistoni inashuka, inapanda ikitoa, inashuka tena ikivuta mchanganyiko mpya, na muda wote huo flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililoungana na krenki, linazidi kupata kasi. Nguvu inayohifadhiwa katika kitu kinachozunguka hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyohifadhiwa huwa mara nne. Kwa hiyo kinacholivuka tuta ni flaiwili. Mguu umelijaza tu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: injini yenyewe huchagua mahali pabaya pa kulala. Unapoizima, inazunguka ikipoteza kasi, inajaribu kupanda kompresheni kwa mara ya mwisho, inashindwa, na mara nyingi hurudishwa nyuma kidogo na kutulia chini ya tuta lilelile. Asubuhi unakuja, unapanda, unapiga kiki kwa nguvu zote, na umeanza pale pasipostahili kuanzwa. Si bahati mbaya, na si kwamba pikipiki ina kinyongo na wewe. Ndivyo silinda moja kubwa inavyosimama.

Hapa nisieleweke kwamba kasi ya mguu haina maana. Ina maana kubwa, ila mahali pake ni baada ya kuipanga pistoni. Pikipiki nyingi za zamani, SR500 ikiwemo, hupata umeme wa plagi kutoka kwenye sumaku inayozungushwa na injini yenyewe, si kwenye betri. Ndiyo maana zinaweza kuwaka betri ikiwa imekufa kabisa. Lakini sumaku ikizunguka polepole, plagi hutoa cheche dhaifu au haitoi kitu. Kiki ya kusitasita inakosa mwendo na inakosa moto.

Tena kiki ya kusitasita ndiyo inayoumiza watu. Plagi hupangwa iwake nyuzi chache kabla pistoni haijafika juu, kwa sababu moto unahitaji muda kidogo kuenea. Injini ikiwa na kasi, pistoni inavuka kilele na mlipuko unaikuta upande wa pili, ikashuka inavyotakiwa. Ikiwa imezubaa, mlipuko unaikuta bado inapanda na kuirudisha ilikotoka. Krenki inageukia nyuma, na kiki iliyo chini ya unyayo wako inapanda kwa kishindo. Pikipiki za Kiingereza za zamani zilizokuwa na kiwenzo cha kuwahisha au kuchelewesha moto zilikuwa hatari zaidi kwa aliyesahau kukirudisha upande wa kuchelewesha. Kwa hiyo kanyaga mpaka chini, usiishie katikati, na goti lisikakamae.

Kanuni hii ina mipaka yake. Injini ya hatua mbili, zile za kuchanganya oili na petroli, hukutana na tuta katika kila mzunguko, kwa hiyo ile nafasi ndefu ya kukimbilia haipo. Kwenye 100 na 125 kupanga pistoni kunasaidia kidogo tu. Na kama plagi imelowa petroli au kabureta imeziba, hakuna ufundi wa mguu utakaoiamsha.

Waendesha bodaboda wanaijua nusu ya somo hili bila kulifundishwa. Kiki ikigoma, wanaweka gia ya pili, wanabana klachi, wanaisukuma pikipiki hadi ikimbie, kisha wanaiachia klachi ghafla. Uzito wote unaokimbia unageuka kuwa flaiwili, na kompresheni inavukwa mara nyingi mfululizo. Selfu, ile mota ya umeme ya kuwashia injini, nayo hufanya kazi kwa namna inayofanana: haijali pistoni imelala wapi, kwa sababu itaendelea kuzungusha hadi ikubali.

Yamaha ilitoa XT500 mwaka 1976, na kwa injini hiyo ya silinda moja Mfaransa Cyril Neveu alishinda mbio za kwanza za Paris–Dakar mwaka 1979. SR500 na ndugu yake SR400 zilifuata mwaka 1978. SR400 ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 2021, na katika miaka yote hiyo haikuwahi kuwekewa selfu. Aliyeinunua mpya mwaka huo wa mwisho alifundishwa kuiwasha vilevile alivyonionyesha mzee: bana kiwenzo, tafuta alama kwenye kidirisha, achia, rudisha kiki juu, kanyaga mara moja.