LDH yako kupanda sio jibu la kansa, tezi ikatwe kinyama

Siku hizi dirishani kwetu maabara malalamiko yamezidi na mengi yanafanana: mtu ana tezi shingoni, kapimwa mahali "kifurushi cha kansa" kina vipimo vya damu vya CEA, PSA, CA-125 (alama za uvimbe) na LDH (kimeng'enya cha ndani ya seli), LDH imetoka juu basi nyumbani ni kilio, au zote zimetoka vizuri akaambiwa uko poa nenda zako. Yote mawili sio sawa jamani.

Hakuna kipimo cha damu kama hivyo kinachothibitisha limfoma (kansa ya tezi za limfu). CA-125 inaweza kupanda kwa mwenye limfoma lakini haikuambii ni limfoma. LDH iko karibu kwenye kila seli ya mwili, seli zikivunjika inamwagikia kwenye damu, kwa hiyo malaria inapandisha, ini linapandisha, sikoseli inapandisha. Hata damu ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano, chembe zinapasuka na LDH inapanda ya uongo. Ndio maana siramu (maji ya damu yaliyotengwa na chembe) ikija nyekundu tunaikataa. Tusielewane vibaya: sampuli ya damu isitikiswe, isilale friji maana baridi inaiharibu LDH, siramu itenganishwe mapema, na jina kwenye chupa liwe lile lile la kwenye fomu, herufi kwa herufi, pamoja na saa ya kuchukua. Likitofautiana sampuli inakataliwa na mgonjwa anachomwa upya, kugombana na wa mapokezi hakusaidii.

LDH kazi yake inakuja baada ya kinyama (kipande cha tezi kilichokatwa kupimwa) kusema ni limfoma. Kwa limfoma zile zinazokua kwa kasi daktari anaijumlisha na umri kupita miaka 60, hatua ya ugonjwa, mgonjwa anajimudu vipi na ugonjwa umetoka nje ya tezi sehemu ngapi, hapo anajua ukali wake. Kwa limfoma ya aina ya Hodgkin tunaangalia zaidi ESR (kasi ya chembe nyekundu kutuama), albumini (protini ya damu) na wingi wa damu. Beta-2 maikroglobulini, protini nyingine ya damu, nayo inasaidia, ila figo zikichoka inapanda yenyewe. Mtoto mwenye Burkitt (limfoma inayokua kwa kasi sana), LDH na yuriki asidi (taka ya seli zilizovunjika) zipimwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa za kansa, kwa sababu uvimbe ukiyeyuka ghafla figo zinaweza kuziba, ndio maana anawekewa maji mengi na alopurinoli (dawa ya kuzuia yuriki asidi) mapema.

Na hili la "tezi ikikatwa kansa inasambaa" tumelijibu mpaka tumechoka, haliko hivyo! Tezi imekaa zaidi ya mwezi, jasho la usiku linalowesha shuka, homa, uzito umepungua zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6, nenda ikatwe. Wengine wanamalizishwa dozi ya TB bila TB kuonekana popote, tezi bado inakua. Ikiwezekana itolewe tezi nzima, sindano ya kunyonya seli peke yake mara nyingi haitoshi kujua ni limfoma ya aina gani. Ndugu mkipewa kopo mlipeleke patholojia (maabara ya kupima vinyama), hakikisheni ndani ni formalini ya asilimia 10, iwe nyingi kama mara 10 ya kinyama chenyewe, sio maji ya dripu wala spiriti, na lifike na fomu yake siku hiyo hiyo.