Namba ya OSPF wala si lazima ifanane

Bado kuna watu wanabisha eti ruta mbili za Cisco zinazotumia OSPF (itifaki ya ruta kupashana njia za mtandao) haziwezi kuwa majirani, yaani kupeana taarifa moja kwa moja, kama moja umeandika router ospf 1 na nyingine router ospf 20. Si kweli bana, hiyo namba inabaki humo humo ndani ya ruta, ya pili haiioni kabisa. Nadhani wanachanganya na EIGRP (itifaki nyingine ya kazi hiyo hiyo), kule ndo lazima zilingane. Kwenye OSPF vinavyotakiwa kufanana ni eria (kundi la ruta ndani ya mtandao), sabneti na muda wa hello (kila baada ya muda gani ruta inatuma salamu) na dead (inasubiri muda gani bila salamu kabla ya kusema jirani kafa), kwa Etheneti kawaida sekunde 10 na 40. Ukipiga show ip ospf neighbor ukakuta imeganda EXSTART (hatua ya kuanza kupeana taarifa), achana na namba, angalia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti), unaweza kuta huku 1500 kule 1400.