Kabla ya Kukanyaga Chalbi: Jinsi ya Kuliandaa Kundi la Matembezi ya Jangwani

Mimi ni tabibu, na sehemu ya kazi yangu ni kuandamana na makundi ya watu wanaotembea kwa miguu katika maeneo kame ya kaskazini mwa Kenya, hasa jangwa la Chalbi, kati ya mji wa Marsabit na Ziwa Turkana. Maswali ninayoulizwa zaidi huhusu vifaa: viatu vya aina gani, kofia ipi, begi la ukubwa gani. Ni maswali ya haki, lakini si hayo yanayoamua kama watu watarudi salama. Mtu anayesafiri peke yake jangwani hujihesabia maji yake mwenyewe. Akiwa na wenzake kumi na mmoja, kila mmoja hudhani yupo mwingine aliyekwisha kuhesabu, na anayeanza kuumwa huona haya kusimamisha msafara. Ndiyo maana mimi huliandaa kundi kwanza, kisha mtu mmoja mmoja.

Kazi huanza na joto. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani, tambarare yenye ganda la chumvi, na katikati yake unaweza kutembea asubuhi nzima usione mti wa kukupa kivuli. Watu wengi ninaowapokea hutoka Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali mwinuko wa Chalbi haufikii hata nusu ya huo. Mwili unahitaji kati ya wiki moja na mbili za kufanya kazi kwenye joto ili uzoee: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema zaidi, na chumvi inayopotea katika jasho hilo hupungua. Kulala usiku mmoja Marsabit njiani hakusaidii chochote, kwa sababu mji huo uko juu ya mlima wenye msitu na ukungu, na mara nyingi wageni huamka wakitafuta sweta. Mwenyeji wa Mombasa naye hujiona fundi wa joto, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini amezoea joto la unyevu ambamo jasho humtiririka na kulowesha nguo. Chalbi upepo mkavu hulikausha jasho kabla hajalihisi, akadhani hatoki jasho kabisa, na hapo ndipo anapoacha kunywa. Kwa hiyo huwaomba washiriki watembee saa nane mchana, kila siku ikiwezekana, kwa wiki mbili kabla ya safari, kisha tukifika Kalacha, kijiji cha pembezoni mwa Chalbi, tukae siku mbili au tatu za matembezi mafupi kabla ya kuondoka rasmi. Wenye likizo fupi hulalamikia siku hizo. Nawaelewa, lakini sizipunguzi.

Baada ya hapo nampigia simu kila mshiriki. Sitangazi maswali ya afya kwenye kundi la WhatsApp, kwa maana huko kila mtu hujibu kwamba yuko sawa na kuweka alama ya dole gumba. Kwa simu, faraghani, mtu hukumbuka kwamba anatumia dawa ya presha ya kuongeza mkojo, kwamba alitoka kuugua malaria majuzi, au kwamba anameza vidonge vya mzio vinavyopunguza jasho. Naulizia pia selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na siulizi wagonjwa peke yao: mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu huweza kuishi miaka yote bila dalili, kisha akaanguka ghafla anapojikaza kupita kiasi kwenye joto, na hali hiyo si ya nadra Pwani wala Magharibi mwa Kenya. Haimzuii kwenda, inambidi tu atembee polepole, apumzike mara kwa mara, asishindane na yeyote. Mwenye kisukari anayejidunga insulini lazima awe na namna ya kuihifadhi, maana dawa hiyo huharibika kwenye joto. Mfuko wa kitambaa unaolowanishwa na kuning'inizwa penye upepo huweza kuisaidia. Mwezi wa Ramadhani sipangi msafara wa aina hii kabisa, kwani sitaki kumweka mtu katikati ya funga yake na usalama wa wenzake.

Sasa maji, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu. Mtu anayetembea juani hupoteza lita moja ya jasho kwa saa, na wengine huzidi. Kwa saa za kutembea ninazoruhusu, pamoja na mchana wa kukaa kivulini, natenga lita saba za kunywa kwa kila mtu kwa siku na lita mbili za kupikia na kunawa, yaani lita tisa. Kundi la watu kumi na wawili kwa siku tatu, pamoja na akiba ya siku moja nzima, linahitaji lita 432, ambazo ni madumu 22 ya lita ishirini. Hesabu hiyo inaonekana kamili, na nimeona zaidi ya kundi moja likiileta mezani kwa fahari. Lakini nani ataongoza ngamia? Mwelekezi mmoja na wachungaji watatu nao wanakunywa, na kulizoea kwao jangwa hakuwafanyi waishi bila maji. Ukiwahesabu, mko kumi na sita, na lita zinafika 576, yaani madumu 29. Madumu saba yaliyosahaulika yanatosha kugeuza safari nzuri kuwa msiba. Nikimpakia ngamia mmoja madumu matano, mzigo wa kilo mia moja, nahitaji ngamia sita kwa maji peke yake kabla sijafikiria mahema na chakula.

Dumu lenyewe nalo lina mambo yake. Nalijaza, naligeuza mfuniko ukiwa chini, na kuliacha juu ya kipande cha boksi usiku kucha. Asubuhi boksi likiwa na doa, dumu hilo halisafiri. Naandika namba ubavuni kwa rangi, na mtu mmoja, si wawili, hushika daftari la kuonyesha dumu gani limefunguliwa na saa ngapi. Maji ya njiani siyahesabu kabisa katika mpango. Visima vingi vya pembezoni mwa Chalbi vina chumvi, na maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floraidi nyingi. Kuyachemsha au kuyatia dawa ya klorini huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi hata chembe.

Wanaoogopa kiu huangukia kosa la upande wa pili: kunywa maji matupu bila kukoma. Figo haziwezi kutoa zaidi ya takribani lita moja ya maji ya ziada kwa saa, na jasho linaondoka na chumvi, hivyo chumvi ya damu hushuka na ubongo huanza kuvimba. Mtu huyo huumwa kichwa, hutapika, vidole humvimba hadi pete ikambana, na mkojo wake huwa mweupe na mwingi. Kumwongezea maji ni kumwongezea maradhi. Anahitaji kitu cha chumvi na kupumzika, na akianza kuchanganyikiwa anahitaji hospitali. Kwa sababu hiyo kila kituo cha mapumziko huwa na chakula chenye chumvi, kama karanga au nyama iliyokaushwa, na kila mtu hubeba pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, hufanya kazi hiyohiyo.

Ratiba yangu ni kali kuliko wengi wanavyotarajia. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri kwa tochi za kichwani na kusimama saa nne asubuhi, popote tulipofika. Kwa kuwa kivuli hakipo, tunakibeba: turubai mbili na nguzo zake, zikifungwa juu kiasi cha kupitisha upepo, pamoja na mikeka mizito, maana ardhi yenyewe ina joto kuliko hewa. Tunaondoka tena saa kumi jioni hadi jua linapotua. Mtembeaji wa polepole kuliko wote hukaa wa pili, nyuma ya mwelekezi, na mwendo wake ndio mwendo wa msafara. Akiwekwa mkiani, kila anapofika penye mapumziko wenzake wamekwisha kupumzika na wanasimama kuondoka, kwa hiyo aliyechoka zaidi ndiye hapumziki. Mkiani nakaa mimi au msaidizi mwenye sanduku la dawa. Washiriki hugawanywa wawili wawili tangu Nairobi, na kila mmoja anajua mwenzake amekunywa kiasi gani na amekojoa lini mara ya mwisho. Siku ya kwanza hucheka wakiulizana. Siku ya pili hawacheki tena.

Mwenza ndiye huona dalili mapema. Mchovu wa joto huwa na jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli inayobana, lakini akili yake ni timamu. Kivuli, miguu juu na maji yenye chumvi humrudisha. Kiharusi cha joto ni kitu kingine: joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na akili imeguswa. Mpole huwa mkali, mzungumzaji hunyamaza, mtu hupepesuka au hujibu swali ambalo hukumuuliza. Huwa namwambia ahesabu kutoka ishirini kurudi nyuma, na akikwama sisubiri kipimajoto. Usingoje jasho likauke, kwani aliyekuwa akitembea huweza kuwa bado amelowa. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na mpepeeni bila kuacha. Hewa kavu ya Chalbi, ambayo ndiyo imemchosha, hapo inakuwa msaada. Anapozwa kwanza, anasafirishwa baadaye, na asipokuwa na fahamu nzuri asinyweshwe kitu. Panado haishushi joto la aina hii. Ndiyo sababu mojawapo ya lile fungu la akiba: maji ya kummwagia mgonjwa mmoja yanaweza kumaliza madumu mawili.

Mtandao wa simu hukatika mara tu unapoacha vijiji, kwa hiyo nabeba simu ya setilaiti na namwachia mtu wa mjini ratiba yenye saa ya mwisho ya kusikia sauti yangu. Kalacha, North Horr na Loiyangalani zina viwanja vya ndege ndogo, na huduma ya madaktari warukao ya AMREF hutoka uwanja wa Wilson. Kila mshiriki hulipia bima ya uokoaji kabla ya siku ya safari. Chifu na maafisa wa kaunti nawaarifu mapema na kuwauliza hali ya usalama, kwani wizi wa mifugo huweza kuifunga njia iliyokuwa tulivu wiki iliyopita. Mwelekezi awe mwenyeji, ikiwezekana Mgabra, yaani mtu wa jamii ya wafugaji wa eneo hili. Machi hadi Mei, na tena kuanzia Oktoba, siendi: mvua ikinyesha kwenye milima ya mbali, tambarare hugeuka tope na hakuna gari litakalowafikia. Usiku viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na asitoke mtu hemani bila tochi, kwa sababu ya nge na nyoka wadogo wenye sumu kali. Aliyeumwa na nyoka asikatwe, asifungwe kamba. Atulizwe na apelekwe.

Masharti ya kugeuza nayaandika kabla ya safari, na kila mshiriki huyatia saini tukiwa bado Nairobi, wakati hakuna aliyechoka wala aliye karibu na mwisho wa njia. Nusu ya maji ikiisha kabla ya nusu ya njia, tunarudi. Simu ya setilaiti ikiharibika siku ya kwanza, tunarudi. Mtu yeyote akionyesha dalili za kiharusi cha joto, hata akipata nafuu ndani ya saa moja na kuapa kwamba yuko tayari kuendelea, safari yake imekwisha, na aliyetajwa kuwa mwenza wake anarudi pamoja naye.