Kabla ya Kununua Rafadha Mpya ya Mashua ya Tanga Ziwa Victoria

Mashua ya tanga iliyofungwa injini ya dizeli humwezesha nahodha kufika Mwanza hata upepo unapokufa katikati ya safari ya kutoka visiwani. Rafadha ya chombo cha namna hiyo, ambayo mafundi wengi huiita propela au pangaboi, huharibika kwa kugonga miamba iliyojificha chini ya maji, ambayo ufuko wetu umejaliwa kuwa nayo kwa wingi, au kwa kusokotwa na nyavu na magugu maji. Inapofika siku ya kununua nyingine, wamiliki wengi husoma namba zilizogongwa kwenye kitovu, yaani sehemu ya katikati inayovaa shafti, cha ile ya zamani na kuagiza inayofanana nayo. Tunawaomba wajiulize kwanza kama hiyo ya zamani ilikuwa sahihi.

Tuseme kwenye kitovu pameandikwa 16 x 12 RH. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali, kwa inchi pia, ambao rafadha ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inaingia katika kitu kigumu, mfano wa skrubu ndani ya ubao. Herufi RH humaanisha kwamba ukisimama nyuma ya chombo na kutazama mbele, rafadha huzunguka kuelekea kulia, kama mishale ya saa, chombo kinapokwenda mbele. Ile ya LH huzunguka kushoto, na kuikosea ni kununua rafadha itakayokurudisha nyuma ulipotaka kwenda mbele.

Kipimo cha usahihi ni kimoja, nacho hupatikana majini. Chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, tumbo lake likiwa safi na ziwa likiwa tulivu, mkono wa mafuta usukumwe hadi mwisho kwa dakika kadhaa, na injini ifikie mizunguko ya juu iliyoandikwa na mtengenezaji wake. Isipofika, rafadha ni nzito mno kwa injini hiyo, yaani pichi au kipenyo chake kimezidi. Ikipita kwa urahisi hadi kuzuiwa na gavana, yaani kifaa kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi, ni nyepesi mno. Jaribio hili lifanyike chombo kikiwa kinatembea, kwa maana kilichofungwa gatini hulemea injini kuliko kinachosonga, na mizunguko ipimwe kwa kipimo cha mkononi kilicho sahihi, kwa sababu saa nyingi za zamani za kuonyesha mizunguko kwenye vyombo hudanganya.

Hapa ndipo ziwa letu linapotofautiana na bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake katika mwinuko huu, ilhali pampu huendelea kumimina dizeli kwa kiasi kilekile ilichowekewa. Dizeli inayokosa hewa ya kutosha haiungui yote, ndiyo maana bomba hutoa moshi mweusi. Ni kweli kwamba maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi kwa asilimia 2 hadi 3, na hilo huipunguzia rafadha mzigo kidogo, lakini nafuu hiyo haitoshi kufidia upungufu wa hewa. Kwa hiyo rafadha iliyopendekezwa kwa chombo kinachotembea Tanga au Dar es Salaam isichukuliwe kuwa itafaa Mwanza bila kupimwa.

Niliwahi kuitwa kukagua mashua iliyoletwa kutoka pwani, ambayo mmiliki wake alikuwa amebadilisha nozeli, zile za kunyunyizia dizeli ndani ya injini, mara mbili na bado moshi ulikuwa uleule. Injini ilistahili kufika mizunguko 3,000 kwa dakika, ikaishia 2,600. Giaboksi ilikuwa ya mbili kwa moja, yaani injini ikizunguka mara mbili shafti huzunguka mara moja, hivyo shafti ilitakiwa izunguke mara 1,500. Tulikokotoa hivi: chombo kizito kisichopaa juu ya maji kina kikomo cha mwendo, ambacho kwa kilomita kwa saa ni takribani 4.5 mara kipeuo cha pili cha urefu wake kwa mita kwenye usawa wa maji. Urefu ulikuwa mita 8, kwa hiyo kikomo ni karibu kilomita 12.7. Pichi ya inchi 10 kwa mizunguko 1,500 hutoa mwendo wa nadharia wa kilomita 23 hivi, na kwa kuwa maji huteleza, vyombo vya aina hii hupoteza kati ya theluthi moja na nusu ya mwendo huo. Inchi 10 ilitosha. Rafadha iliyokuwapo, yenye pichi ya inchi 12, ilikuwa inailazimisha injini kubeba kisichobebeka. Kanuni ya mafundi, ambayo ni ya kukadiria tu, ni kwamba kupunguza inchi 1 ya pichi huongeza mizunguko kati ya 150 na 200. Tulipofunga 16 x 10 injini ilifika karibu kabisa na 3,000, na moshi ukapungua sana. Nilisikitika kwa fedha zilizoteketea kwenye nozeli.

Kuhusu idadi ya mapanga, yaani mabawa ya rafadha, anayebeba abiria au mizigo na kutegemea injini dhidi ya upepo wa mbele achukue matatu yasiyokunjika, kwa sababu husukuma kwa utulivu na hurudi nyuma vizuri. Anayetembea zaidi kwa tanga atanufaika na mapanga mawili, maana yakisimama wima nyuma ya mkuku hujificha na kupunguza ukinzani wa maji. Apake alama ya rangi kwenye shafti ndani ya chombo ili ajue yamesimama lini. Rafadha za kukunjika ni nzuri, ila kwa bei yake na kwa wingi wa nyavu zetu sizipendekezi. Na kabla ya kuiacha rafadha izunguke yenyewe wakati wa tanga, soma kitabu cha giaboksi, kwa kuwa baadhi hazipati oili injini ikiwa imezimwa.

Ncha ya shafti nayo ipimwe. Mchongoko, yaani jinsi ncha inavyopungua unene, wa 1 kwa 10 na wa 1 kwa 16 haubadilishani, na kujaza pengo kwa bati la kopo ni hatari. Kati ya ncha ya panga na ubao wa chombo ibaki nafasi isiyopungua sehemu ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 4 kwa rafadha ya inchi 16, na 6 ni bora zaidi.

Rafadha ya zamani ikiwa haijapinda, ihifadhiwe chomboni pamoja na nati, pini na kifaa cha kuivuta itoke kwenye shafti. Ikiwa ni ile nzito, itakufikisha nyumbani kutoka Kome au Ukerewe, mradi upunguze mafuta mara tu unapoona moshi mweusi.