Kwa nini mpiga picha hukosa kilicho mbele ya macho yake?

Je, wajua kwamba mpiga picha za mtaani anaweza kusimama hatua tatu tu kutoka kwenye picha bora ya siku, kamera mkononi, na asiione? Mimi yalinikuta Kariakoo. Nilikuwa namvizia muuza kahawa ainame kumimina, nimnase na mvuke wake. Nikampata. Nyumbani, nilipoikuza ile picha, pembeni kabisa nikakuta mtoto aliyevaa ndoo kichwani kama kofia, nusu yake imekatwa. Picha ilikuwa yeye, na sikumbuki hata kumwona.

Waswahili husema macho hayana pazia. Sawa, lakini akili inalo. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza jaribio ambalo watu walionyeshwa video fupi na kuambiwa wahesabu pasi za mpira za timu moja. Katikati ya mchezo akapita mtu mwenye vazi la sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Wao walikuwa na pasi zao, mimi nilikuwa na kahawa yangu.

Halafu kuna suala la muda. Tangu jicho lione hadi kidole kibonye, hupita karibu robo sekunde. Ni kidogo, lakini mtaani ni kingi. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alimpiga picha mtu akiruka dimbwi, kisigino kikikaribia kugusa maji. Angechelewa robo sekunde, angepata mtu mwenye viatu vilivyolowa. Anayesubiri jambo litokee ndipo abonye, amekwisha chelewa.

Ndiyo maana wapiga picha wengi huanza kwa kutulia. Wapo wanaouita utulivu huo kutafakari. Mimi naona ni kuiacha akili ikae pale miguu ilipo. Kamera naiacha ining'inie shingoni dakika kumi hivi, nasikiliza tu: mkokoteni unaoomba njia, kondakta anayeita abiria. Muuza kahawa naye husikika kabla hajakata kona, kwa vikombe anavyovigonganisha mkononi. Sasa simvizii tena. Nikivisikia vikombe, najua atatokea wapi, na macho yanabaki huru kuangalia nani mwingine kageuza shingo.