Kiolesura cha ubongo na kompyuta: maana yake na kinavyofanya kazi

Kiolesura cha ubongo na kompyuta ni mfumo unaonasa ishara za umeme zitokazo kwenye seli za neva za ubongo, ukazichambua kwa programu, kisha ukazigeuza kuwa amri kwa kifaa kilicho nje ya mwili, kiwe ni mshale wa kompyuta, mkono wa roboti, maandishi au sauti. Kwa mgonjwa aliyepooza, njia hiyo hukwepa uti wa mgongo na misuli isiyomtumikia tena.

Kwa kawaida mfumo huu hausomi mawazo ya mtu, kama wengi wanavyohofia. Kinachonaswa mara nyingi ni jaribio la kutenda. Aliyeumia uti wa mgongo anapojaribu kukunja vidole, sehemu ya ubongo inayoendesha viungo huendelea kutoa amri, hata kama ni miaka mingi tangu vidole viache kuitika. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, mwanamume aliyepooza mikono na miguu aliombwa ajaribu kuandika herufi moja baada ya nyingine, kana kwamba ameshika kalamu. Mkono haukuandika kitu, lakini kila herufi ilikuwa na ruwaza yake ya ishara, na kompyuta ikaziandika kwa kasi ya herufi 90 hivi kwa dakika. Kwangu mimi, tokeo hili lina uzito kuliko mikono yote ya roboti, kwa sababu linaonyesha kuwa ustadi wa kuandika ulibaki ubongoni miaka yote hiyo.

Hans Berger, daktari wa Kijerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, kwa elektrodi, yaani vipande vinavyonasa umeme, za kichwani. Elektrodi zinazobandikwa juu ya ngozi hazihitaji upasuaji, ila fuvu hufifisha ishara na kuzichanganya. Zile za Stanford ni vijisindano vilivyopangwa kwenye kibamba chenye upana wa milimita 4 hivi, vikachomekwa kwenye gamba la ubongo. Hizo hunasa hata seli mojamoja, lakini hatari ya maambukizi ipo, na kwa kuwa ishara hubadilika, programu hulazimika kurekebishwa mara kwa mara.

Kwa wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli hadi usemi ukapotea, mfumo wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotangazwa mwaka 2024, ulitambua maneno ambayo mgonjwa alijaribu kuyatamka kwa usahihi wa takriban asilimia 97. Programu hukisia kwanza sauti za matamshi, kisha huchagua maneno katika msamiati wa Kiingereza. Mgonjwa anayezungumza Kiswahili atahitaji programu iliyofunzwa sauti za Kiswahili na sarufi yake, ambamo kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, na orodha ya maneno yaliyokwisha kuundwa haiwezi kumtosha.