Krauni Imelegea? Lichunguzwe Jino Kwanza

Tangu kampeni ya Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, tarehe 20 Machi, idara yetu ya meno hapa Malindi imekuwa ikipokea malalamiko mengi ya aina moja. Mtu aliwekewa krauni, yaani kofia ngumu ya kufunika jino lililoharibika, miaka kadhaa nyuma, sasa inacheza, imemeguka au ufizi unavimba. Kliniki moja inamwambia ibadilishwe. Nyingine inamwambia jino ling'olewe, awekewe implanti, yaani jino bandia la kupandwa kwenye mfupa. Anatoka amechanganyikiwa, na mara nyingi ameshalipa arubuni.

Swali hilo la krauni au implanti huulizwa mapema mno. Linalotangulia ni hali ya jino lililo chini ya krauni, na hali hiyo haijulikani kwa kutazama tu. Aliyekukatia shauri bila eksirei ya mzizi amekisia.

Wakati mwingine simenti ndiyo iliyokwisha, krauni ikachomoka nzima. Jino likiwa salama na krauni ikikaa vizuri, huenda ikarudishwa siku hiyo hiyo. Baya zaidi ni kuoza pale ukingo wa krauni unapokutana na jino, karibu na ufizi. Jino lililotibiwa mzizi halina tena neva ya kukuonya, hivyo huoza bila maumivu mpaka siku krauni inatoka na kipande cha jino ndani yake. Tunaliona sana kwa watafunaji wa muguka na miraa, kwa sababu hutafunwa kwa saa nyingi pamoja na soda, pipi au jojo, na meno hayapati nafasi ya kupumzika na sukari. Hatusemi haya kumhukumu mtu. Ila krauni mpya kwa mazoea yale yale itaishia pale pale.

Krauni iliyotunzwa vizuri kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15, na nyingine huzidi hapo. Kwa hiyo krauni ya miaka 14 ikichoka, daktari aliyeiweka hakukudhulumu. Malalamiko ya namna hiyo tunayapata kila mara na hayana msingi.

Kigezo kikubwa cha kuweka krauni nyingine ni jino zima lililobaki juu ya ufizi: kiasi cha milimita 2 kuzunguka pande zote, krauni ipate pa kushika. Likipungua hapo, uliza kama ufizi na mfupa vinaweza kupunguzwa kidogo ili jino lichomoze zaidi. Usaha kwenye ncha ya mzizi nao si lazima uwe mwisho wa jino, kwani matibabu ya mzizi yanaweza kurudiwa. Lakini mzizi uliopasuka wima hauokoleki. Kuweka krauni juu yake ni kuezeka makuti mapya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa, na anayekubali kukuwekea anachukua pesa yako bure.

Implanti ni skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya, kisha krauni ikafungwa juu yake. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, na tiba hii imethibitika. Inafaa hasa pale jino limeshakosekana na majirani zake ni wazima, kwa sababu daraja la kawaida, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, lingelazimu meno hayo mazima yasagwe.

Zipo dhana mbili ambazo tumezisahihisha mara nyingi na bado zinarudi. Ya kwanza ni kwamba implanti haiozi, basi haihitaji mswaki. Titani haiozi, kweli, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka huugua, tena kimyakimya, mpaka skrubu ikalegea. Ya pili ni kwamba kazi humalizika kwa wiki moja. Mfupa kwa kawaida huhitaji miezi 3 hadi 6 kuishika skrubu, na pale ulipopungua huenda ukahitaji kuongezwa kwanza. Wapo wanaofaa kuwekewa jino la muda mapema, ila hilo huamuliwa na mfupa wao, si na tarehe ya safari.

Mwenye kisukari anaweza kuwekewa implanti sukari ikiwa imedhibitiwa. Aje na kipimo cha wastani wa miezi 3. Mvuta sigara aelewe kwamba hatari ya implanti kushindwa kwake ni kubwa zaidi. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyepigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo, atueleze kabla ya kung'olewa jino lolote, maana taya lake linaweza kukataa kupona. Kijana ambaye taya bado linakua atasubiri.

Kwa maoni yangu, mzizi ukiwa imara, jino libaki. Implanti unaweza kuiweka hata baada ya miaka mitano. Jino lililong'olewa halirudi.

Krauni ikikutoka, iweke kwenye kichupa safi uje nayo. Tafadhali sana, usiibandike kwa supaglu, wala usilale nayo ikiwa inacheza, maana unaweza kuivuta hadi kwenye mapafu.

Sasa kuhusu leseni. Kila daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Kituo nacho kina leseni yake. Ya mwaka uliopita iliyotundikwa ukutani haitoshi, na kibali cha biashara cha kaunti si ruhusa ya kutibu. Jina la daktari unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya Baraza. Fundi wa maabara ya meno hutengeneza krauni, lakini haruhusiwi kukusaga jino. Kutibu bila usajili ni kosa la jinai chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, lenye faini, kifungo au vyote viwili.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa, kwa lugha unayoielewa, hali yako, njia za tiba zilizopo, hatari na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa. Kliniki iliyokutajia implanti peke yake haijatimiza wajibu huo. Ukikubali implanti, dai kadi yenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo. Skrubu na vifaa hutofautiana, na bila kadi hiyo daktari wa Mombasa au Milano atashindwa kukusaidia.

Idara haipendekezi kliniki yoyote ya binafsi. Mwenye lalamiko aliandike, aambatanishe stakabadhi za malipo, eksirei na tarehe za kila ziara. La mdomo tutalisikiliza, ila faili hufunguliwa kwa maandishi. Sheria inakupa haki ya kujulishwa matokeo kwa maandishi ndani ya miezi 3 tangu siku ulipoliwasilisha.